Filamu Aliyoisikia Bibi

Aldwier, 14 Oktoba 1934

Kwa Shangazi Sjoukje,

Natumaini barua hii itamkuta Shangazi akiwa mzima na akiwa bado anakaa kwenye anwani niliyopewa. Sisi hatujambo. Baba hajambo, mgongo tu unamsumbua. Mama hajambo. Ng'ombe wamezaa vizuri isipokuwa yule mwekundu. Mvua haijakatika tangu Septemba na mtaro wa nyuma ya zizi umefurika, lakini hilo Shangazi analijua, amekulia humu.

Mimi ni Hiske, binti wa kaka yake Gerlof. Shangazi alipoondoka nilikuwa sijazaliwa. Sasa nina miaka kumi na sita, nasoma mjini Leeuwarden na narudi nyumbani kila siku kwa basi. Anwani nimeipata kwa kuliandikia jarida la filamu. Shangazi asinijibu hapa nyumbani. Anijibu kupitia duka la tumbaku la mama yake Rixt, msichana ninayekaa naye dawati moja. Anwani nimeiweka nyuma ya bahasha.

Naomba radhi kwa maandishi yangu. Kifrisia chetu hatufundishwi kukiandika, nyumbani nakisema na shuleni nakimeza, kwa hiyo naandika Kiholanzi. Ila heshima nimeiacha ya nyumbani. Siwezi kumwambia mtu mzima "wewe", hata kwenye karatasi; namtaja tu, Shangazi hivi, Shangazi vile.

Sasa nitoe lililonileta. Bibi amekuwa kipofu. Mtoto wa jicho alianza jicho la kushoto, akahamia la kulia, na daktari anasema kwa umri wake hatathubutu kumgusa. Wiki iliyopita tulikuwa tunamenya viazi, mimi na yeye tu, akaniuliza, "Hiske, ni kweli siku hizi zile picha zinasema?" Nikamwambia ni kweli. Akamenya kiazi kizima. Kisha akasema, "Na yeye, anasema?"

Jina hakulitaja. Humu ndani halitajwi, Baba hapendi. Lakini nilijua ni nani, kwa kuwa alikuwa ameshusha kisu.

Basi nauliza kwa niaba yake: je, kuna filamu ambayo Shangazi anasema? Bibi anataka kuisikia sauti ya mwanawe kabla hajafa. Hayo ni maneno yangu, yeye hakusema hivyo.

Mtoto wa Shangazi,
Hiske


Amsterdam, 3 Novemba 1934

Hiske, mtoto wa kaka yangu,

Nakusalimu wewe, mama yako, ng'ombe na mtaro. Na Gerlof pia, kimoyomoyo. Mimi mzima. Nakaa chumba cha juu kwa mjane mmoja ambaye hupika kabichi kila siku ya Mungu, kwa hiyo hata nguo zangu za hariri zinanuka kabichi.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama kwenye ngazi. Nilidhani ni ya mtu anayeomba picha yenye sahihi. Huwa bado zinakuja mbili tatu. Nilipofika kwenye viazi nikakaa chini palepale, na mjane akaja kuuliza kama nimeanguka.

Uliza unachotaka kuhusu maisha yangu, nitakujibu. Niliondoka Aldwier na kundi la maigizo lililopita kipindi cha vita, wakanipa kazi ya kupiga pasi nguo za waigizaji. Siku moja mwigizaji akaugua tumbo, nikaingia mimi. Kutoka hapo filamu bubu hapa Amsterdam, kutoka hapo Berlin. Berlin nilikuwa binti mfalme, mjane, jasusi, na mara moja nilikuwa maiti, na wote walisema hakuna afaye vizuri kama mimi. Kilichotakiwa ni uso. Uso wangu ulikuwa unajua Kijerumani, Kifaransa, lugha yoyote. Kisha zikaja filamu zinazosema, wakaja na watawala wapya wanaofukuza watu, na wenzangu wengi wakafunga mizigo. Nami nikafunga wangu.

Lakini sikia: nimepata nafasi. Filamu inayosema, ya Kiholanzi, inaanza kupigwa picha Januari. Mimi ni binti mtu mzima anayegombana na mama yake juu ya nyumba ya marehemu baba. Si nafasi ndogo. Nikiweza hii nitaweza nyingine. Nisipoweza, nina miaka thelathini na sita, na Berlin nilijipunguzia minne.

Mwambie mama yangu atanisikia. Mwambie hivyohivyo.

Na tafadhali niite "wewe". Mimi si mzee wa kanisa. Hakuna mtu duniani anayeniita wewe kwa upendo.

Shangazi yako,
Sjoukje (kwenye mabango: Lida Andel)


Aldwier, 7 Desemba 1934

Kwa Shangazi Sjoukje,

Salamu kutoka kwetu sote wanaojua kwamba naandika, yaani mimi na Bibi. Baridi imeanza kweli. Baba ameuza ndama wawili na Mama ana kikohozi.

Juzi ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Nikolasi. Kama kawaida kila mtu alipata herufi yake ya chokoleti: G ya Baba, A ya Mama, H yangu. Na mezani pembeni kulikuwa na S. Kila mwaka iko S. Nilipokuwa mdogo niliuliza ni ya nani, Bibi akanijibu, "Ni ya Sint, Mtakatifu mwenyewe. Unadhani yeye hali?" Niliamini mpaka nikafika miaka kumi na miwili. Baba huipita ile S kama mtu anayepita shimo barabarani. Mwaka huu Bibi aliishika, akaipapasa mkunjo kwa mkunjo, akanipa niiweke kabatini.

Nilimwambia alichosema Shangazi. Aliuliza, "Amesema hivyohivyo?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi nitakwenda."

Nikamwuliza itakuwaje na mchungaji, maana alihubiri kwamba anayekwenda kutazama sinema anamtazama Shetani. Bibi akasema, "Mchungaji alikataza kutazama. Mimi nitatazama nini, mwanangu? Nitakaa tu gizani, na gizani nipo tayari."

Nilitaka pia kumwambia Shangazi jambo langu mwenyewe, halafu nikaona haya, lakini naliandika kabla sijajizuia. Mimi siwezi kusema mbele za watu. Darasani tukiitwa kukariri shairi kwa Kiholanzi, ulimi wangu unakuwa kama kipande cha jibini. Mwalimu huniiga matamshi na wenzangu hucheka, hata Rixt hucheka, baadaye ananiomba radhi. Nyumbani nako sisemi, ila kwa sababu nyingine: kila ninachotaka kusema ni jina ambalo halitajwi. Kwa hiyo lugha ninazo mbili na sina pa kuzitumia. Shangazi anafanyaje kusimama pale na kusema?

Na kuhusu "wewe", nimejaribu. Niliandika sentensi moja, ikaonekana kama nimemtukana mtu, nikaifuta.

Mtoto wa Shangazi,
Hiske


Amsterdam, 27 Januari 1935

Hiske wangu,

Nisamehe kwa kuchelewa, tumekuwa kazini. Natumaini kikohozi cha mama yako kimepungua. Mpe kitunguu na sukari guru. Hapa mifereji imeganda, watoto wanateleza kwenda shule.

Umeuliza nafanyaje kusimama na kusema. Ngoja nikuchekeshe. Mwongozaji wetu, Bwana Lemberg, amekimbia kutoka Berlin na hajui Kiholanzi hata cha kuombea maji. Kwake yeye mimi nasema vizuri sana. Mwenye kesi ni fundi wa sauti. Yeye hukaa ndani ya kibanda cha vioo kama keki dukani, amevaa visikizi masikioni. Kuna mahali namwambia mama, "Wewe hujawahi kunielewa." Basi. Maneno matatu. Nasimama mbele ya yule mama, ni bibi kizee mzuri kutoka Haarlem, mwenye mvi za kweli, natoa machozi kama kawaida, nafungua mdomo, yanatoka: "Mama hajawahi kunielewa."

Fundi akatoka kwenye kibanda. "Mama yupi?" akaniuliza. "Kuna mama mwingine kwenye filamu hii?"

Nikamweleza kwamba kwetu mtu hamwambii mamaye wewe usoni. Akasema, "Kwenu labda. Huku watu watadhani umechanganyikiwa, unamsengenya mtu aliyesimama mbele yako." Tukarudia. Na tukarudia. Ningeweza kuua mtu mbele ya kamera, niliwahi kuua wengi, lakini hilo neno halikukubali. Na lilipokubali lilitoka na Frisia nzima ndani yake, na matope na zizi. Wale vijana wa taa wakaanza kulia kama ng'ombe kila nikipita.

Usijali. Limepatikana suluhisho. Filamu imekwisha, na wanasema uso wangu haujawahi kuwa mzuri hivi.

Shangazi yako,
Sjoukje


Amsterdam, 2 Aprili 1935

Hiske mpenzi,

Haraka tu. Salamu kwa wote. Filamu imeanza kuonyeshwa hapa, na itafika Leeuwarden baada ya Pasaka.

Nimefikiri. Labda si vyema mama aende. Viti vya sinema ni vibaya kwa mtu mzima, na bado kuna upepo. Halafu mashine za huko mikoani huwa mbovu, sauti inatoka kama debe. Angoje nyingine. Nina hakika kutakuwa na nyingine.

Mwambie namsalimu. Usimpeleke.

Sjoukje


Aldwier, 1 Mei 1935

Kwa Shangazi Sjoukje,

Tunamsalimu Shangazi. Kikohozi cha Mama kilikwisha, ng'ombe wametolewa kwenda malishoni na waliruka kama ndama, kama kila mwaka. Barua ya Shangazi nilimsomea Bibi. Akasema, "Anaona haya. Alikuwa anaona haya hata akiimba Zaburi jikoni. Tunakwenda."

Sijui nianzie wapi. Naandika yote kama yalivyokuwa.

Nilimwambia Baba nampeleka Bibi kwa daktari wa macho. Jumamosi tukapanda basi. Bibi alivaa nguo nyeusi za kanisani, na kwenye sinema watu walitupisha, nadhani walidhani tumetoka mazishini. Rixt alitutafutia viti vya pembeni, nyuma, karibu na mlango, kwa sababu Bibi alisema kama atajisikia vibaya rohoni anataka kutoka bila kukanyaga watu.

Taa zikazimwa. Nikamwona Shangazi. Ni mara yangu ya kwanza kumwona akitembea. Ana mwendo wa Baba, ule wa kutanguliza bega. Nikamshika Bibi mkono nikamnong'oneza, "Ni yeye, ameingia mlangoni, amevaa koti jepesi." Bibi akainamisha kichwa kama anavyofanya kwenye mahubiri, sikio mbele.

Shangazi akasema kitu kwa mtumishi, juu ya mizigo.

Bibi akasema, "Huyo ni nani?"

"Ndiye yeye, Bibi."

"Nauliza anayesema ni nani."

"Ndiye Shangazi Sjoukje. Namwona, mdomo wake unasema."

"Siye," akasema Bibi, si kwa kunong'ona. Mwanamume mmoja mbele yetu akageuka akasema, "Mama, wengine tumelipa." Bibi akamjibu, "Nami nimelipa, na sijapewa nilichonunua." Watu wakacheka. Mimi nilitaka ardhi ipasuke.

Ni kweli kuna kitu nilikiona. Mdomo wa Shangazi ulikuwa unafunga kidogo kabla neno halijaisha. Nikakumbuka alichoandika kuhusu mashine za mikoani, nikaona ndiyo hayo.

Kisha ikafika ile sehemu ya mama. Shangazi alisimama karibu na dirisha na machozi yalikuwa yanatoka, nami nikaanza kulia. Na ile sauti, sauti nzuri sana, laini, kama ya wanawake wa redioni, ikasema, "Wewe hujawahi kunielewa."

Bibi aliutoa mkono wake mkononi mwangu.

"Sasa umesikia mwenyewe," akaniambia. "Sjoukje hawezi kumwambia mamaye wewe. Hata ile siku anaondoka, amesimama na mfuko wake mlangoni na mimi nampigia kelele, aliniambia, 'Mama asikasirike.' Huyo si mwanangu."

Na hili ndilo nililofanya, Shangazi. Nilibishana naye. Mimi ambaye sibishani na mtu. Niliogopa kwamba atarudi nyumbani bila kitu, baada ya miezi yote ile ya kungoja. Nikamwambia, "Bibi, nina macho. Ni yeye. Amekaa mijini miaka kumi na saba, watu hubadilika." Nikasema hivyo mara tatu, na kila mara kwa nguvu zaidi, na ulimi wangu haukuganda hata kidogo.

Filamu ikaisha, tukatoka. Kwenye basi tulipokaribia Aldwier akasema, "Haya. Kama wewe mwenye macho unasema ni yeye, basi ni yeye. Wamemfundisha. Nilikuwa na sauti yake kichwani, Hiske, kila siku nilikuwa naisikia. Sasa nikiitafuta inakuja ile nyingine."

Tangu siku hiyo hasemi. Anakaa. Tukimwita kula anakuja.

Kwa nini Shangazi hakuniambia? Au hakuna la kuniambia, na kweli ni yeye?

Hiske


Amsterdam, 6 Mei 1935

Hiske,

Sitakusalimu kwa urefu, nisamehe. Mzima.

Masikio ya mama ni mazima kuliko macho ya watu wote wa Leeuwarden. Si mimi. Ni binti mmoja kutoka The Hague, ana miaka ishirini na mbili, jina lake halimo kwenye mabango. Alikuwa anasimama nyuma ya pazia na maikrofoni, mimi natikisa midomo mbele. Hilo ndilo suluhisho nililokuandikia. Tulikubaliana nisimwambie mtu, maana nikimwambia mtu nani ataniajiri tena? Na sikuweza kukuandikia wewe. Ulikuwa unaniuliza nafanyaje kusimama na kusema.

Nilidhani hatakwenda. Kisha nikadhani akienda hatatambua. Hilo la pili ndilo linalonichoma, kwamba nililidhani.

Mwambie. Mwambie leo, kabla hujavua koti. Na mwambie ninakuja. Jumamosi ya tarehe 25 nitapanda treni mpaka Leeuwarden na basi la mchana mpaka Aldwier. Gerlof akitaka kunifukuza anifukuze, lakini anifukuzie mlangoni, mama asikie nikijibu. Kazi sina, kwa hiyo muda ninao. Lemberg anafanya filamu nyingine na amemchukua yule binti wa The Hague, mwili na sauti pamoja. Inaonekana uso nao anao.

Sjoukje


Aldwier, 14 Mei 1935

Kwa Shangazi Sjoukje,

Nilimwambia, na koti sikuvua. Alikuwa ameketi karibu na jiko. Nilipomaliza alipiga goti lake kwa kiganja akasema, "Mtoto wa jicho hajaingia masikioni mwangu." Akacheka, kisha akalia, kisha akaniomba chai, na tangu saa hiyo anasema kuliko zamani. Anamsimulia Mama mambo ya utoto wa Shangazi, jina analitaja wazi, meza nzima inasikia.

Kwa hiyo Baba amejua. Sinema, barua, kila kitu. Nilidhani ataniua. Alikaa na uma mkononi, akamwuliza Bibi, "Mama amekwenda sinema?" Bibi akasema, "Nimekwenda. Sikuona kitu." Baba akauweka uma mezani. Mwisho akasema, "Basi la mchana husimama pale kwenye kiwanda cha maziwa sasa. Kituo kilihamishwa. Yeye hatajua." Hakusema zaidi ya hapo, akaenda zizini.

Jumamosi iliyopita nilirudi sinema na Rixt. Niliziba masikio kwa vidole, nikatazama mdomo tu. Pale dirishani, Shangazi, mdomo wako haukusema wewe. Mdomo ulisema "Mama". Niliona kabisa. Samahani, nimeandika "wako", imetoka yenyewe, na karatasi hii ndiyo ya mwisho niliyo nayo.

Tunamngoja Shangazi.

Hiske


Amsterdam, 27 Mei 1935

Hiske,

Nilifika Leeuwarden. Nataka ujue hilo. Nilikuwa pale stesheni na mfuko wangu, na kitambaa cha kichwa nilichomnunulia mama.

Njiani kote nilikuwa najisemea kwa Kifrisia, peke yangu kwenye behewa, yale nitakayomwambia. Yalikuja vizuri. Nilishuka, nikaenda kwa mzee anayekata tiketi za basi, ana uso kama wa marehemu baba, nikamwuliza kwa lugha yetu basi la Aldwier linatoka wapi. Hiske, nilimwuliza kama nilivyouliza maisha yangu yote.

Akanijibu kwa Kiholanzi. Polepole, kwa sauti kubwa, kama unavyomjibu mgeni. Nikarudia kwa Kifrisia. Akatabasamu, akasema, tena kwa Kiholanzi, "Umejitahidi sana, bibi. Umejifunzia wapi?"

Hakuwa na ubaya. Alifurahi kweli.

Nilikaa kwenye benchi. Basi likaja, likaondoka. Amsterdam nina zizi mdomoni, na nyumbani ni mgeni aliyejitahidi. Mama angeniuliza tena, "Huyo ni nani?" na safari hii nisingekuwa na msichana wa The Hague wa kumsingizia. Nikapanda treni ya kurudi.

Mwambie nimeugua. Mwambie chochote.

S.


Aldwier, 23 Juni 1935

Kwa Shangazi Sjoukje,

Namsalimu Shangazi. Baba na Mama wapo. Majani ya kwanza yamekatwa na yamekauka vizuri, kulikuwa na jua.

Naandika kwa utaratibu ili nisisahau, kwa kuwa sitaandika tena.

Ile Jumamosi Bibi aliamka mapema akataka avikwe kofia yake ya dhahabu, ile ya ndoa. Mama alimsaidia. Akaomba kiti chake kiwekwe mlangoni, mlango wazi, asikie basi likisimama na asikie hatua. Upepo ulikuwa wa kaskazini. Tulimletea blanketi, akalisukuma kwa kuwa lilimfunika masikio. Baba alisema anakwenda kumtazama mtamba wa jirani, akavaa viatu vyake vya ngozi badala ya vile vya mbao, na mimi niliyekuwa darini nilimwona amesimama pale kwenye kiwanda cha maziwa, kofia mkononi. Basi lilikuja. Akabaki amesimama hata lilipokwisha kuondoka. Jioni kulikuwa na jingine, akaenda tena.

Bibi alikataa kuingia ndani mpaka giza. Kichomi kilimshika wiki ileile.

Barua ya Shangazi ilipofika nilimwambia Shangazi ameugua, kama nilivyoagizwa. Akauliza, "Anaugua nini?" Sikuwa nimejiandaa. Nikasema koo. Akasema, "Maskini," na akageukia ukutani. Sijui kama aliamini.

Siku za mwisho homa ilimpanda sana. Alikuwa anaita, "Sjoukje? Ni Sjoukje?" kila mtu akiingia. Mama alikuwa anatoka chumbani kulia. Siku moja nilibaki naye peke yangu, akaita hivyo, nami nikafikiri: ni neno moja tu, nani atadhurika. Nikasogea. Nikakaza koo ili iwe sauti ya mtu mkubwa, nikasema, "Mama anataka maji?"

Aligeuza uso upande wangu. Kisha akasema, akili zote zimemrudia, "Wewe ni Hiske. Usiniigizie, mwanangu. Mwigizaji mmoja nyumba hii inatosha."

Maji akanywa. Hakuita tena jina lile, siku hiyo wala zile mbili zilizofuata, na ya tatu akafa.

Telegramu ya kumjulisha Shangazi aliipeleka Baba mwenyewe, alikwenda kwa baiskeli na mgongo wake ule mbovu. Siku ya mazishi jeneza lilikuwa tayari na watu wamejipanga, majirani wamevaa nyeusi, na Baba akamwambia mpiga kengele, "Ngoja basi lipite." Tukangoja juani. Basi likasimama, akashuka mwanamke mmoja mwenye mfuko. Alikuwa mkunga wa kijiji cha pili. Baba akasema, "Piga."

Tukalizungusha jeneza makaburini mara tatu kama ilivyo desturi. Baada ya hapo watu walikuja kunywa kahawa, na jirani mmoja alimwuliza Baba kama dada yake amepata habari. Baba akasema, "Dada yupi?" Sikumlaumu.

Shuleni juzi niliitwa kukariri. Nilisimama, nikakariri lote, sauti haikutetemeka, hakuna aliyecheka. Mwalimu alisema hakuna tena alama ya Frisia kwenye matamshi yangu na akanipa mkono. Rixt alipiga makofi. Nilikaa chini nikafikiri kwamba nami imeanza, kama ilivyomwanza Shangazi.

Shangazi ajitunze. Shangazi asijibu barua hii.

Hiske